Mwingine na Mwenzetu: Nafsi, Jina na Utambulisho katika Tawasifu za Wanawake Wapendao Wanawake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna uwengine na utambulisho vinavyojengwa kwa lugha katika tawasifu za wanawake wapendao wanawake. Hoja kuu ni kwamba uwengine, kabla haujawa suala la maadili au la sheria, ni suala la nafsi ya kisarufi: ni hali ya mtu kusemwa daima katika nafsi ya tatu bila kupewa zamu ya kusema. Tawasifu humrejeshea mtu zamu hiyo, lakini humdai jina lake. Na katika Afrika Mashariki jina hilo si mali yake peke yake. Mifano ya matini imetoka Uingereza, Marekani, Afrika Kusini, Nigeria, Uganda na Kenya, na ile ya matumizi ya lugha imetoka katika Kiswahili kisemwacho Isaka na sehemu nyingine za Shinyanga na Geita.

1.0 Utangulizi

Isaka, iliyoko katika Wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, ni mahali pa watu wa kuja. Reli itokayo Tabora kwenda Mwanza hupita hapo. Bandari kavu hupokea shehena ziendazo Rwanda na Burundi. Na barabara ya Kahama huwapitisha madereva wa malori, wachuuzi, na vijana waendao kutafuta riziki katika machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu na Geita. Mwandishi wa makala haya alikulia huko, na huko ndiko alikoanza kutambua kwamba Kiswahili kina maneno mawili ya kumtaja mtu ambaye si mimi. Neno la kwanza ni *mwingine*. Neno la pili ni *mwenzangu*. Gari moshi linapoingia stesheni, husemwa kwamba wenzetu wanashuka na wengine wanapanda. Wote ni watu, na pengine wote ni wageni. Tofauti iliyopo ni ya uhusiano ambao msemaji amekubali kuwa nao.

Tofauti hiyo inaonekana pia katika maumbo ya maneno yenyewe. Mzizi *-ngine* ni kivumishi kinachopokea upatanisho wa ngeli yoyote: mtu mwingine, mti mwingine, gunia jingine. Hauhitaji mmilikishi. Mtu aweza kuwa mwingine bila kuwa mwingine wa fulani. Mzizi *-enzi*, kwa upande wake, aghalabu huandamana na kimilikishi: mwenzangu, mwenzako, mwenzake, wenzetu. Anayemwita mtu mwenzake amejifunga naye katika neno moja. Ndiyo maana neno *mwenzetu* likitamkwa kwa kejeli, kama asemavyo mtu wa baraza kuhusu jirani aliyejitenga kwamba mwenzetu siku hizi hatuonekani machoni pake, kejeli yake huuma: msemaji anataja uhusiano ili aonyeshe kwamba umevunjika.

Makala haya yanatumia tofauti hiyo kufafanua tanzu moja ya fasihi ambayo wanafunzi wetu wa shahada za juu wanazidi kukutana nayo katika kozi za fasihi linganishi, yaani tawasifu za wanawake wapendao wanawake. Swali tunalolishughulikia si kama wanawake hao wanatenda vyema au vibaya. Swali hilo lina mabaraza yake. Swali letu ni la kiisimu na la kifasihi: mtu ambaye jamii imemzoea kama *yule* huandikaje *mimi*, na msomaji wake anadaiwa nini?

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Kwa *tawasifu* tunamaanisha masimulizi ya maisha ya mtu yaliyotungwa na mtu huyo mwenyewe. Katika fasihi ya Kiswahili mfano ulio wazi ni *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* ya Shaaban Robert. Yafaa kukumbuka kwamba mwandishi huyo huyo aliandika pia *Wasifu wa Siti Binti Saad*. Mwanamume alijisimulia katika nafsi ya kwanza. Mwanamke, ambaye sauti yake ilikuwa imesikika pwani yote kwa njia ya santuri, alisimuliwa katika nafsi ya tatu. Hatusemi hivyo kwa kumlaumu Shaaban Robert, ambaye alimwandikia Siti kwa heshima kubwa. Tunasema hivyo kwa sababu mgawanyo huo wa nafsi ulikuwa wa kawaida kiasi kwamba haukumshangaza mtu.

Hata hivyo, *mimi* ya mwanamke si ngeni katika Kiswahili. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi wake wa mwaka 1858, alizungumza na bintiye kwa nafsi yake mwenyewe. Katika karne ya ishirini, wanawake watatu wa Mombasa walisimulia maisha yao kwa Sarah Mirza na Margaret Strobel, na masimulizi hayo yakatolewa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Mwanamke amewahi kusema *mimi* kama mama atoaye wasia na kama mzee akumbukaye. Lililo gumu zaidi ni kusema *mimi* pale ambapo jamii imekwisha kuandaa jina la kumwita.

Kwa *utambulisho* tunamaanisha majibu ambayo mtu na jamii yake hutoa kwa swali la yeye ni nani. Majibu hayo ni mawili, la ndani na la nje, na si lazima yalingane. *Uwengine* ni hali ya mtu ambaye jibu la nje limemeza lile la ndani.

Hapa mchango wa Émile Benveniste una manufaa. Mwanaisimu huyo, katika makala yake ya mwaka 1946 yaliyoingizwa baadaye katika mkusanyiko wa mwaka 1966, alidai kwamba nafsi tatu za sarufi hazilingani kwa hadhi. *Mimi* na *wewe* ni nafsi za kweli kwa sababu hubadilishana zamu: anayeambiwa *wewe* sasa hivi ataitika kwa *mimi*. Nafsi ya tatu haina zamu. Benveniste aliegemea istilahi za wanasarufi wa Kiarabu, ambao huwaita wa kwanza msemaji, wa pili asemeshwaye, na wa tatu *al-ghaib*, yaani asiyekuwapo. Msomaji wa Kiswahili halihitaji kamusi kulielewa neno hilo, kwani sisi pia tuna *ghaibu*. Mtu wa nafsi ya tatu ni mtu wa ghaibu hata kama amesimama mlangoni.

3.0 Majina Yatokayo Nje

Isaka, kama ilivyo katika miji mingi midogo ya bara, kila mtaa una mashine ya kusaga na kukoboa. Mtoto akitumwa huko na debe la mahindi, *msagaji* kwake ni mtu aliyejaa unga mpaka kwenye kope. Baadaye, akiwa mkubwa, hulisikia neno hilo hilo likisemwa kwa sauti ya chini kumhusu mwanamke fulani. Neno halikubadilika umbo. Limebadilika upande wa kusemewa.

Kwa maana hii ya pili, *msagaji* ni jina la mtendaji litokanalo na kitenzi *saga*. Wazo lililobebwa humo si la Kiswahili peke yake. Kiarabu kina istilahi itokanayo na mzizi wenye maana ya kuponda na kusaga, na Kiyunani cha kale kilikuwa na jina litokanalo na kitenzi cha kusugua. Yamkini Kiswahili kilitafsiri wazo la Kiarabu kwa neno lake chenyewe. Lugha hizo zote tatu zinafanana katika jambo moja: zinamtaja mwanamke kwa tendo ambalo mtazamaji wa nje analikisia. Hazitaji pendo, wala nyumba, wala miaka ambayo watu wawili wamekaa pamoja.

Kinyume chake ni neno lililoenea katika lugha za Ulaya, litokanalo na kisiwa cha Lesbos, alikoishi mshairi Sappho yapata miaka 600 kabla ya Kristo. Sappho alijitaja kwa jina lake ndani ya utungo wake kwa mungu Aphrodite, kama ambavyo watunzi wetu wa mashairi hutia majina yao katika beti za mwisho. Asili ya neno hilo, basi, inarejea kwa mwanamke aliyesema *mimi*. Lakini asili haikulikinga. Neno hilo nalo liligeuzwa kuwa jina la nje, likatumiwa na matabibu na mahakimu kwa muda mrefu kabla wanawake wenyewe hawajalidai.

Wapo watakaosema kwamba jambo lenyewe ni la kigeni na kwamba halina mahali katika taaluma za Kiswahili. Ushahidi wa lugha hauungi mkono dai hilo. Makala mafupi kuhusu Zanzibar yaliyochapishwa mwaka 1899 katika jarida la Kijerumani la *Zeitschrift für Ethnologie* yalikwisha kuorodhesha maneno ya Kiswahili yahusuyo mapenzi ya wanawake kwa wanawake, na mwaka 1987 Gill Shepherd alichapisha uchunguzi wake kuhusu Mombasa. Ni kweli kwamba kuwapo kwa neno pekee si ithibati, kwani tuna neno *zimwi* pia. Lakini pale ambapo neno, desturi ya kulinong'ona na taarifa za watazamaji vinakutana, kuna haki ya kusema kwamba jambo lilikuwapo. Kisichokuwapo katika taarifa hizo ni *mimi*. Wanawake wanaotajwa humo wote ni watu wa ghaibu.

Msomaji wa Shinyanga na Geita anazo sababu za karibu zaidi za kuelewa nguvu ya jina la nje. Neno *mchawi* ni jina ambalo karibu halina nafsi ya kwanza. Husemwa kwamba yule ni mchawi. Ni nadra mtu kusema mimi ni mchawi, isipokuwa kwa kulazimishwa. Katika eneo letu wanawake wazee wameuawa kwa jina hilo, na macho mekundu, ambayo kwa wengi wao yalitokana na moshi wa kupikia wa miaka mingi, yakachukuliwa kuwa ushahidi. Vivyo hivyo neno *zeruzeru*. Wakati wa mauaji yaliyoikumba Kanda ya Ziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, ilidhihirika kwamba neno linalomtoa mtu katika ngeli ya M-WA na kumweka katika ngeli ya JI-MA si suala la sarufi tu. Mabadiliko ya kusema *mtu mwenye ualbino* yalirudisha neno *mtu* mahali pake. Hatudai kwamba makundi haya yana hali moja. Tunadai kwamba utaratibu wa lugha ni mmoja: kwanza mtu hugeuzwa jina, kisha jina hujibiwa badala ya mtu.

Mfano wa mwisho ni *shoga*. Pwani, wanawake huitana *shoga* kwa maana ya rafiki wa moyoni, na hakuna ashtukaye. Isaka neno hilo lilifika likiwa na maana moja tu, ile ya kumtusi mwanamume, na mwanamke wa Tanga au wa Pemba anayemwita jirani yake *shoga yangu* mbele ya watu wa bara hulazimika kujieleza. Neno la wenzetu limekuwa neno la wengine kwa kusafiri maili mia chache tu.

4.0 Kutoka "Yule" hadi "Mimi"

Tawasifu tunazozichunguza zinaweza kusomwa kama majaribio ya kuvuka kutoka nafsi ya tatu kwenda ya kwanza. Majaribio hayo hayakufuata njia moja.

Njia ya kwanza ni ya kuficha maandishi. Anne Lister, mwanamke mwenye ardhi wa Halifax nchini Uingereza aliyeishi kati ya mwaka 1791 na 1840, aliandika shajara za mamilioni ya maneno. Yapata sehemu moja kwa sita aliiandika kwa alama za siri alizozibuni kwa kuchanganya herufi za Kiyunani, tarakimu na alama za aljebra. Humo ndimo alimoandika mapenzi yake kwa wanawake. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ndugu wa ukoo wake na rafiki yake waliivumbua siri hiyo. Rafiki akashauri shajara zichomwe moto, lakini ndugu akazificha nyuma ya mbao za ukuta wa nyumba. Dondoo zake zilichapishwa na Helena Whitbread mwaka 1988. Hapa *mimi* ilikuwa kamili tangu siku ya kwanza, ila haikuwa na *wewe*. Ilimbidi msomaji asubiriwe kwa karibu miaka 150.

Njia ya pili ni ya kubadilishana nafsi. Mwaka 1933 Gertrude Stein, Mmarekani aliyeishi Paris, alichapisha *The Autobiography of Alice B. Toklas*. Alice alikuwa mwenzi wake wa maisha. Katika kitabu hicho *mimi* ni Alice, naye Stein mwenyewe, aliye mwandishi, anatajwa katika nafsi ya tatu mpaka ukurasa wa mwisho, ambapo hila hiyo inafichuliwa. Wahakiki wengi wamekiona kitabu hiki kama mzaha. Kwa mtazamo wa kisarufi, ni zaidi ya mzaha. Kuna *yeye* moja isiyokuwa ya ghaibu, nayo ni ile inayotamkwa na mtu akupendaye. Stein aliiacha nafsi ya kwanza ili asimuliwe na mwenzake badala ya kusimuliwa na wengine.

Njia ya tatu, na kwa maoni yetu iliyo tajiri zaidi, ni ya kujipa jina upya. Audre Lorde alizaliwa mjini New York mwaka 1934 kwa wazazi waliohamia kutoka visiwa vya Karibi, na alifariki mwaka 1992. Kitabu chake *Zami: A New Spelling of My Name* kilitoka mwaka 1982. Jina lake dogo linahusu tahajia mpya ya jina la mwandishi, na tangu utotoni Lorde alikuwa ameiondoa herufi *y* mwishoni mwa jina lake, Audrey, kwa kuwa hakupenda ilivyoning'inia chini ya mstari. *Zami* ni neno la Carriacou, kisiwa cha upande wa mama yake, litajalo wanawake wanaofanya kazi pamoja wakiwa marafiki na wapenzi.

Uwengine wa Lorde ulikuwa wa tabaka kadhaa. Miongoni mwa Wazungu alikuwa mweusi. Miongoni mwa weusi wenzake alikuwa mwanamke apendaye wanawake. Na katika mikahawa ya Greenwich Village ya miaka ya 1950, walikokutana wanawake wa namna yake, alikuwa tena mweusi, mmoja kati ya wachache. Alikuwa mwingine hata kwa wengine. Angeweza kuchagua tabaka moja na kuyaacha mengine. Badala yake alilitafuta neno moja lenye kazi, urafiki na pendo kwa pamoja, akalipata katika lugha ya mama yake, wala si katika kamusi ya matabibu. Kitabu hicho hakukiita tawasifu. Alikibunia jina lake, akiunganisha wasifu na visaasili, kwa sababu maisha yake hayakuelezeka bila kuwataja wanawake wote waliomlea.

Njia ya nne ni ya Kiafrika kwa asili. Mwaka 2008, nchini Afrika Kusini, ilichapishwa tawasifu ya mganga wa Kizulu, Nkunzi Zandile Nkabinde, yenye jina *Black Bull, Ancestors and Me: My Life as a Lesbian Sangoma*. Nkunzi, yaani fahali, ni jina la mzimu wa kiume wa ukoo uliomshika mwandishi na kumpa uganga. Kwa hiyo *mimi* ya kitabu hicho ina wakazi wawili: mwanamke wa Soweto na babu wa ukoo anayesema kupitia kwake. Mhakiki aliyelelewa katika nadharia za nafsi moja huru hupata tabu hapa. Mwanafunzi atokaye Usukuma hapati tabu hiyo. Anajua kwamba mganga hurithi kazi kutoka kwa *masamva*, na kwamba mzimu hauchagui mrithi kwa kulinganisha jinsia. Hapa ndipo msomaji wetu aweza kuchangia katika uhakiki wa tanzu hii kitu ambacho wengine hawana, badala ya kukariri waliyoyasema wao.

5.0 Jina na Bei Yake

Philippe Lejeune, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alieleza kwamba tawasifu ni mapatano. Mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu ni mtu mmoja, na muhuri wa mapatano hayo ni jina halisi lililoandikwa juu ya jalada. Pasipo jina, hakuna mapatano.

Nadharia hii inachukulia kwamba jina ni mali ya anayeitwa. Katika Usukuma sivyo. Mtu hutambulishwa kwa *ng'wana*, yaani mtoto wa fulani. Hata mganga na mcheza ngoma mashuhuri kuliko wote, Ng'wanamalundi, anakumbukwa kwa namna hiyo. Atiaye jina lake juu ya jalada ametia pia jina la baba, na nyuma yake ukoo. Mwanamke wa Isaka atakayesema *mimi* katika jambo hili hatasema peke yake. Atakuwa amewasemea watu ambao hawakuulizwa.

Zaidi ya ukoo kuna sheria. Sheria ya Adhabu ya Tanzania bara, kama ilivyorekebishwa mwaka 1998, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kujamiiana inakokuita kinyume cha maumbile. Zanzibar, kwa marekebisho ya mwaka 2004, iliwataja wanawake waziwazi na kuweka kifungo kisichozidi miaka 5. Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa tarehe 24 Mei 2019 kuvibatilisha vifungu vya aina hiyo, na Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria yenye adhabu ya kifungo cha maisha. Kwa lugha ya pragmatiki, sentensi moja inatenda matendo mawili kwa wakati mmoja. Kitabuni, *nilimpenda* ni usimulizi. Nje ya kitabu yaweza kusomwa kama kukiri kosa. Hakuna tanzu nyingine ya fasihi ambamo kiambishi *ni-* ni ghali kiasi hicho.

Matokeo yake yanaonekana katika umbo la matini. Nchini Nigeria, mkusanyiko wa *She Called Me Woman* wa mwaka 2018 uliwapa nafasi wanawake kusimulia maisha yao bila kujianika kwa majina yao. Unoma Azuah, Mnigeria mwingine, alichapisha tawasifu yake mwaka 2020 kwa jina lake kamili, lakini alikuwa akiishi Marekani. Nairobi, kikundi cha Nest kilikusanya masimulizi ya watu bila kutaja majina yao, kikatengeneza filamu ya *Stories of Our Lives* iliyoonyeshwa kwanza Toronto mwezi Septemba 2014. Watengenezaji wenyewe hawakutaja majina yao hapo mwanzo. Mwezi uliofuata bodi ya filamu ya Kenya ilikataza isionyeshwe nchini. Kitabu cha masimulizi hayo kilitoka mwaka 2015.

Kwa kipimo cha Lejeune, masimulizi hayo yasiyo na majina si tawasifu. Sisi tunaona kwamba ni kipimo kinachohitaji kurekebishwa, wala si matini. Mila zetu zinajua namna nyingine ya kuthibitisha ukweli wa neno. Kisa kisemwacho mbele ya watu hakitiwi sahihi. Kinathibitishwa na waliohudhuria. Masimulizi mengi yasiyo na majina, yakiwekwa pamoja, yanatoa ushahidi wa namna hiyo: kila sauti inaitikia nyingine kwa maana ya kwamba hata mimi. Nafsi inayopatikana si *mimi* wala *yule*. Ni *sisi*, na hiyo ndiyo nafsi ambayo neno *mwenzetu* limejengwa juu yake.

6.0 Sarufi ya Kiswahili: Stara na Kizuizi

Mtafsiri atakayetaka kuyaleta matini haya katika Kiswahili atakutana na tatizo ambalo watafsiri wa Kifaransa au Kiarabu hawalijui kwa namna hiyo. Viambishi vyetu vya nafsi havitaji jinsia. Sentensi *nilimpenda, akaniacha* haituambii kama mpendwa alikuwa mwanamume au mwanamke. Maneno *mpenzi*, *mwandani* na *rafiki* ni hivyo hivyo. Si ajabu kwamba filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2018, iliyotokana na hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, ilipewa jina la *Rafiki*. Filamu hiyo nayo ilipigwa marufuku nchini Kenya, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7.

Kwa msemaji, hali hii ni stara. Mwanamke aweza kusimulia mapenzi yake yote mbele ya mashangazi bila kusema uongo hata mara moja. Kwa msomaji wa tafsiri, stara hiyo hiyo ni kizuizi, kwa sababu atajaza mwanamume mahali ambapo hakuna. Tunapendekeza kwamba mtafsiri asiongeze *mwanamke* katika kila sentensi, kwani kufanya hivyo ni kumrudisha mhusika katika hali ya kuwekewa alama. Yatosha kumtaja mpendwa kwa jina lake mwanzoni na kuiachia sarufi iendelee kwa utulivu wake.

Mahali sarufi inaposaliti ni katika ndoa. Mwanamume *anaoa*, mwanamke *anaolewa*. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa zimegawanywa kwa jinsia. Lakini hata hapo ukanda wetu una somo. Kwa Wakurya wa Mkoa wa Mara, katika desturi ya *nyumba ntobhu*, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke mwenzake, ambaye huzaa na mwanamume ili nyumba ipate mrithi. Mwanamke huyo husema *nimeoa*, na hakuna anayemsahihisha sarufi. Ni wazi basi kwamba katika desturi hiyo kauli ya kutenda ni ya aliyetoa mahari.

Hapa tahadhari inahitajika. *Nyumba ntobhu* si ndoa ya mapenzi ya wanawake, na kuiita hivyo ni kuwatungia Wakurya tawasifu wasiyoisema. Ifi Amadiume, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu Waigbo, aliwapinga vikali wale walioziona ndoa za wanawake za Afrika kuwa ushahidi wa mapenzi hayo. Hoja yake inalingana na yetu. Kumpa mtu jina la sifa ambalo hakulichagua ni jambo la jamii moja na kumpa jina la matusi: katika hali zote mbili yeye amebaki ghaibu.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uwengine una sarufi yake. Mtu hufanywa mwingine kwa kupewa jina litokalo nje na kwa kunyimwa zamu ya kusema *mimi*. Tawasifu tulizozitaja, kuanzia alama za siri za Lister hadi masimulizi ya Nairobi yasiyo na majina, ni juhudi za kuipata zamu hiyo, kila moja kwa bei iliyowezekana mahali pake na wakati wake. Tumeonyesha pia kwamba nadharia ya mapatano ya tawasifu, iliyojengwa juu ya jina la mtu mmoja, inahitaji kupanuliwa pale ambapo jina ni la ukoo na sheria inasubiri nje ya jalada.

Kwa mwanafunzi anayekusudia kutafiti uwanja huu, ushauri wetu ni mdogo. Kabla ya kuuliza matini yanatetea nini, auhesabu mgawanyo wa nafsi ndani yake: nani anasema *mimi*, nani anaambiwa *wewe*, na nani ameachwa katika *yule*. Kisha aigeukie tasnifu yake mwenyewe na kuihesabu vivyo hivyo, maana mtafiti naye ni msemaji, na wanaotafitiwa hawapo chumbani.

Msomaji halazimiki kukubaliana na maisha anayosimuliwa. Mwenzangu si lazima awe kama mimi. Laiti angekuwa kama mimi, nisingehitaji masimulizi yake. Anachodaiwa msomaji ni kuitikia zamu inapomfikia, kwa kuwa ameitwa *wewe* na mtu aliyejihatarisha ili kumwita hivyo.